Bastola kwa Kulungu: Vidokezo 13 vya Kuchagua Risasi

Oktoba ikishaingia, kwenye maghala na viwanda vya Minnesota au Ohio mazungumzo ya wakati wa chai hubadilika. Mwenzako wa zamu ambaye mwaka mzima haongei ila mpira, sasa anaongea kulungu, na hujakaa sawa ameshakualika shambani kwa mkwewe. Wapo Waswahili walioitikia mwaliko wa namna hiyo, wakaenda na bunduki ya kuazima, wakarudi na nyama ya kujaza friza, wakanogewa. Na miongoni mwao wapo waliojiongeza: wanataka kuwinda kwa bastola. Nawaelewa. Bastola inakulazimisha umsubiri mnyama mpaka usikie majani makavu yakivunjika chini ya kwato zake, na hiyo ni raha ambayo mwenye bunduki ndefu na darubini kubwa haijui.

Tatizo huanzia dukani. Ukuta mzima ni masanduku ya risasi, kila moja lina picha ya dume mwenye pembe za matawi, na kila moja linadai ndilo lenyewe. Vidokezo hivi ni vya kukuvusha mbele ya ukuta huo.

Ila tuelewane mapema: haya ni mambo ya Marekani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na marufuku hiyo haijaondolewa. Tanzania uwindaji upo, lakini una vibali, vitalu na kanuni zake. Usisome hapa kisha ukaingia porini Kiteto na bastola ya mjomba.

1. Kagua kichwa, achana na picha ya sandukuni

Risasi nzima ina vipande vinne: ganda la shaba, kiwashio kitakoni mwake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Kinachomfikia kulungu ni hicho kichwa peke yake. Ukisoma “44 Magnum, 240 gr”, ile 240 ni uzito wa kichwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo greni 240 ni kama gramu 15 na nusu. Si kipimo cha baruti, kama wageni wengi wanavyodhani.

2. Kubali kwamba bastola haina mbio

Hiki ndicho kidokezo mama. Vingine vyote vinazaliwa hapa.

Bunduki ya kawaida ya kulungu, tuseme .308, hurusha kichwa cha greni 150 kwa mita kama 860 kwa sekunde, na nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni jouli 3,600 hivi. Bastola ya .44 Magnum yenye kichwa cha greni 240 inatoka na mita kama 410 kwa sekunde na jouli 1,300. Ukishuka kwenye .357 Magnum, greni 158, unaongelea mita 375 na jouli mia saba na kitu. Yaani theluthi, na chini ya hapo.

Tofauti hiyo si ya makaratasi. Kichwa cha bunduki kinakwenda kasi kiasi kwamba nyama ya pembeni, ambayo hakikuigusa, nayo inapasuka. Cha bastola hakina uwezo huo. Kinaua kwa tundu tu: kinachokigusa ndicho kinachoharibika. Kwa hiyo unataka tundu pana kiasi, lipite mapafu yote mawili, na ikiwezekana litokee upande wa pili ili damu imwagike chini uweze kuifuata. Kifua cha kulungu wa mkia mweupe, ubavu hadi ubavu, ni futi moja hivi. Kichwa cha risasi kinachoishia katikati ya futi hiyo kimekuachia usiku wa kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mtu akikuuliza risasi gani ina “nguvu” zaidi, mrudishie swali: inapenya kiasi gani, na inatoka ikiwa na upana gani?

3. Kitabu cha kanuni kwanza, duka baadaye

Kila jimbo lina lake. Ohio wanataka bastola yenye mtutu usiopungua inchi 5 na risasi ya ganda lililonyooka, kaliba .357 au zaidi. Indiana wanataka mtutu wa inchi 4 au zaidi, kichwa cha kipenyo kisichopungua inchi .243, na ganda lisilopungua inchi 1.16. Hicho kipimo cha mwisho kinachekesha mpaka ujue kwamba ganda la .38 Special lina urefu wa inchi 1.155: limekosa kwa unywele. Minnesota wanaruhusu kuanzia kaliba .22 ya kiwashio cha katikati, mradi kichwa kiwe cha kutanuka, ingawa mwenye akili hawindi kulungu kwa kitu kidogo hivyo. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kitabu cha mwaka huu, si cha mwaka ule rafiki yako alipoanza kuwinda.

Na wewe uliyetoka nje, ongeza jambo la pili. Sheria ya shirikisho humzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya utalii, kuwa na silaha au risasi, isipokuwa aangukie kwenye msamaha uliotajwa ndani ya sheria hiyohiyo. Leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ni mojawapo ya misamaha hiyo. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye zuio hilo. Kama huna uhakika uko kundi gani, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujashika hata sanduku la risasi. Hili halina utani.

4. Risasi za mazoezi zibaki kwenye mazoezi

Zile zenye gamba la shaba lililofunika kichwa chote, mviringo mbele, bei nafuu, hazifai. Zinatoboa tundu jembamba linaloziba, mnyama anakimbia mbali, damu haionekani. Majimbo mengi yamezikataza kwa kulungu, na yamefanya vizuri.

5. Kuchanua au kupenya: jua unachonunua

Ukiondoa hizo, vichwa vya kuwindia kulungu kwa bastola viko vya aina tatu.

Ya kwanza ni kichwa chenye tundu mbele, au chenye ncha laini ya madini ya risasi iliyo wazi. Kikigonga nyama, majimaji yanaingia tundu lile na kukifungua. Gamba la shaba linachanika kwa mistari iliyokatwa kiwandani, linajikunja nyuma, na kipenyo kinakua mara moja na nusu au zaidi. Hornady XTP ndicho kinachojulikana zaidi katika kundi hili, na sababu si matangazo: kinatanuka kwa kiasi, hakijitawanyi, kinaendelea mbele. Swift A-Frame ni cha daraja la juu zaidi na bei yake inakukumbusha hivyo. Ndani yake kuna ukuta wa shaba unaogawa kichwa vyumba viwili, ili mbele kukifunguka, nyuma kubaki kizima. Wazo hilo la ukuta lilivumishwa na John Nosler, aliyeanza kuuza vichwa vya namna hiyo vya bunduki ndefu mwaka 1948.

Aina ya pili haichanui kabisa. Ni madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni yakawa magumu, yakasubiwa kwenye kalibu, mbele bapa. Mtetezi wake mkuu alikuwa Elmer Keith, mfugaji wa Idaho aliyegeuka mwandishi wa silaha, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1984. Ndiye aliyepiga kelele miaka na miaka mpaka .44 Magnum ikatokea katikati ya miaka ya 1950, na mwishoni mwa muongo huo alikuja kuwinda Kenya na Tanganyika. Hoja ya Keith ilikuwa nyepesi: kichwa kipana, bapa, chenye bega kali, kinakata tundu safi tangu kinapoingia mpaka kinapotoka, na hakihitaji bahati ya kuchanua. Kinapenya kuliko vyote. Kwa nguruwe mwitu mkubwa au dubu ningekichagua bila kujiuliza.

Kwa kulungu, mh. Kulungu ni mnyama mwembamba mwenye mbavu nyepesi. Kichwa kigumu kinampita kama hakikumwona, na kasi yote iliyobaki inakwenda kutumika kwenye mti ulio nyuma yake, au kwa kulungu wa pili ambaye hukumwona. Kinaua, sikatai, hasa kikiwa na uso mpana kweli, ila mnyama huenda mbali kidogo kabla ya kuanguka. Isitoshe, majimbo yanayodai kichwa kinachotanuka yanaweza yasikikubali. Mpigie simu afisa wanyamapori umuulize waziwazi.

Aina ya tatu ni shaba tupu, haina madini ya risasi hata chembe. Barnes XPB ni mfano. Kinafunguka kwa petali, hakipotezi uzito, kinapenya vizuri. California hakuna mjadala: sheria iliyopitishwa mwaka 2013 ilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019, na tangu hapo uwindaji wote wa jimbo hilo ni kwa vichwa visivyo na madini ya risasi. Kisa kikubwa ni kondori, yule tai mzoga mkubwa anayekufa kwa sumu ya madini hayo baada ya kula utumbo ulioachwa porini. Kasoro yake ni ndogo: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, ndiyo maana kwa shaba watu hushuka uzito kidogo.

Hukumu yangu: kwa kulungu, aina ya kwanza. Kama unaishi California au unalisha watoto wadogo nyama hiyo, aina ya tatu. Ya pili waachie wenye dubu.

6. Kichwa na kasi yake vioane

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kila kichwa kinachotanuka kimetengenezwa kwa kasi ya kati ya hapa na pale. Kikienda polepole mno, tundu la mbele linaziba nyama na kichwa kinapita kama cha mazoezi. Kikienda kasi mno, kinapasukapasuka bega la kwanza na hakifiki mapafu ya pili.

Chukua mfano wa kaliba .45. Hornady wanauza XTP ya greni 250 kwa ajili ya .45 Colt, risasi ya zamani ya mwendo wa taratibu iliyoanza miaka ya 1870. Wanauza pia XTP Mag ya greni 240 kwa ajili ya .454 Casull, yenye gamba nene zaidi, kwa sababu Casull inarusha kwa kasi ya kutisha. Vipenyo vyao ni sawa kabisa, inchi .452, na ukiviweka mezani vinafanana kama ndugu. Ukikirusha cha greni 250 kwa kasi ya Casull, kitapasuka. Ukikirusha cha Mag kwa kasi ya Colt, hakitafunguka. Ukijipakia risasi mwenyewe nyumbani, kosa hili liko umbali wa mkono tu.

Vivyo hivyo kwa risasi za kujilinda. Zimeundwa zifunguke haraka na zisitoke upande wa pili. Kwa mlinzi ni sifa. Kwa mwindaji ni kasoro. Hata kama ni .357 Magnum, sanduku likiandikwa kujilinda, lirudishe rafuni.

7. Uzito: usiwe mwepesi, usizidishe

.357 Magnum, iliyoanza 1935, ndiyo ya chini kabisa ninayoiona inafaa, na kwayo uzito ni kila kitu. Achana na greni 125, hata kama sanduku linajisifu kwa kasi. Chukua 158, na bora zaidi 180, na umwache kulungu asogee mpaka yadi 40 au 50. Anayekuambia .357 inatosha yadi 100 hajawahi kufuata damu gizani, au hakujali.

10mm Auto inafanana na .357 nzuri, na faida yake ni bastola za magazini ambazo vijana wanazipenda. Greni 180 hadi 200, kichwa cha kuwindia, umbali uleule. .41 Magnum ya 1964 ni risasi nzuri isiyo na bahati. Ukiwa nayo, greni 210.

.44 Magnum ndiyo mizani. Greni 240, tundu mbele, gamba imara, basi. Greni 180 na 200 zinafunguka mapema mno kwa ladha yangu, na greni 300 inakupiga teke mkononi kwa faida ambayo kulungu haihitaji. Kama mtu hataki kusoma makala yote, asome aya hii.

.45 Colt, greni 250, na angalia bastola yako ni ya enzi gani: kuna risasi kali za .45 Colt zinazouzwa kwa rivolva imara za kisasa tu, na onyo lake huwa limechapwa sandukuni kwa herufi ndogo. Zinaweza kupasua bastola ya zamani.

.454 Casull, .460 na .500 za Smith & Wesson (hii ya mwisho ilitoka 2003) zina nguvu ya ziada hata kwa kulungu wawili. Shida yake ni wewe. Mtu akishaumizwa na bastola yake mara kadhaa huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hakuna kichwa cha risasi kinachotibu hilo.

8. Pima mtutu wako kabla ya kuamini namba za sanduku

Kasi iliyochapwa sandukuni imepimwa kwa mtutu wa majaribio, mara nyingi mrefu kuliko wako. .44 yenye mtutu wa inchi 4 inapoteza makumi ya mita kwa sekunde ikilinganishwa na ya inchi 7 na nusu. Kichwa kilichokuwa kinafunguka vizuri kwa mtutu wa rafiki yako kinaweza kugoma kwako. Mtutu wa inchi 6 hadi 8 ndio wa kuwindia.

9. Ukiwa na bastola ya risasi moja, sahau nusu ya haya

Kuna ile familia ya Thompson/Center Contender, iliyoanza 1967: inafunguka katikati, inaingia risasi moja, na unaweza kubadili mtutu. Watu huifunga mtutu wa risasi za bunduki ndefu kama .30-30. Hapo umbali unaongezeka sana, lakini mtego ni uleule wa kidokezo cha 6. Mtutu wa inchi 14 unapunguza kasi, na kichwa kigumu kilichoundwa kwa bunduki hakitafunguka. Tafuta vichwa laini vilivyoundwa kwa bastola za risasi moja, au vile vya bunduki vyenye gamba jembamba, ambavyo kwa kasi ya kawaida ya bunduki vingekuwa dhaifu.

10. Piga madumu ya maji

Hii ni maabara ya maskini na inafundisha mengi. Kusanya madumu ya plastiki ya maziwa, yale ya galoni moja, yajaze maji, yapange mstari yagusane, nenda eneo halali la kulenga shabaha lenye tuta la udongo nyuma. Simama umbali utakaowindia, si hatua mbili mbele yake, kwa sababu kichwa kinapungua kasi njiani na wewe unataka kujua kinafanyaje kikishachoka. Lenga la kwanza.

Dumu la kwanza litaruka vipande, na maji yatakufikia. Yanayofuata yatachanika kwa mpangilio wa kupungua. Kisha tembea ukachungulie: ndani ya dumu moja, chini kabisa, kutakuwa na kitu kinene chenye kingo zilizojikunja. Kitoe, kioshe, kipime kwa mizani ndogo ya greni. Kikiwa kimebaki na karibu uzito wake wote na kimetanuka sawasawa pande zote, una kichwa kizuri. Kikiwa kimekunjika upande mmoja, au umepata gamba tupu na vipande pembeni, jaribu kingine. Kikiwa kimetoka kama kilivyoingia, kasi haikutosha.

Kumbuka maji hufungua kichwa kirahisi kuliko nyama na mifupa. Kisichofunguka kwenye maji hakitafunguka popote. Na okota plastiki yako yote ukimaliza.

11. Kagua risasi ya mwisho kwenye silinda

Wengi hawajui hili mpaka liwakute. Rivolva ikipiga, bastola nzima inasukumwa nyuma kwa ghafla, na vichwa vya risasi zilizobaki silindani vinataka kubaki vilipokuwa. Matokeo yake kichwa kinachomoka kidogokidogo kutoka kwenye ganda. Kikitokeza mbele ya silinda, silinda inakwama na huna bastola tena, huku kulungu aliyejeruhiwa akiondoka.

Kinachozuia ni mdomo wa ganda kuukaba mfereji wa kichwa. Jaribio lake ni dakika tano: pima risasi moja urefu wake kwa vernia, itie silindani, piga nyingine zote, kisha itoe uipime tena. Kama imerefuka, aina hiyo haifai kwa bastola yako, hasa ukiwa na rivolva nyepesi na kichwa kizito.

12. Sahani ya karatasi ndiyo inayopanga umbali

Chukua sahani ya karatasi ya inchi 8, ambayo ni kama eneo la moyo na mapafu. Kaa kama utakavyokaa porini, yaani umeegemea mti au umeweka mikono juu ya begi, si kwenye meza ya kulengea yenye mito. Piga. Sogea nyuma. Umbali wa mwisho ambao risasi zako zote bado zinaingia sahani ndio mwisho wako, hata kama sanduku linasema yadi 150. Kwa wengi wetu wenye rivolva isiyo na darubini ni yadi 50, kwa darubini pengine 75 au zaidi.

Vaa vizuia sauti masikioni, vya ndani na vya nje kwa pamoja. Mtutu mfupi wa magnum hupiga kelele ya kuharibu masikio kwa siku moja. Na porini subiri mnyama akuonyeshe ubavu. Anayekutazama uso kwa uso, au aliyekupa mgongo, mwache aende.

13. Fikiria sufuria mapema

Mwaka 2008 maofisa wa afya wa North Dakota walishauri vituo vya kugawa chakula vitupe nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa msaada, baada ya kukutwa chembe za madini ya risasi ndani yake. Bunduki za kasi ndizo wakosaji wakubwa, maana huko kichwa hutawanyika. Bastola haitawanyi sana, lakini bado kata nyama iliyovilia damu kuzunguka jeraha kwa ukarimu, uitupe, usiisage. Mwenye mjamzito au watoto nyumbani atumie shaba tupu na suala limekwisha.

Kwa Waislamu kuna la ziada. Masheikh wametofautiana kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa, kwa hiyo muulize sheikh unayemfuata kabla ya msimu, umweleze na aina ya kichwa unachotumia. Piga bismillahi unapofyatua. Ukimkuta bado yu hai, kisu chako kiwe kikali na kiwe karibu.

Kuhusu ununuzi: ukishapata aina inayokubaliana na bastola yako, nunua masanduku kadhaa kwa mkupuo, na hakikisha namba ya toleo iliyopigwa mhuri kwenye sanduku ni moja, kwa sababu baruti ya toleo jingine inaweza kukuhamishia shabaha. Msimu wa bunduki Minnesota hufunguliwa mapema Novemba. Ukiingia dukani wiki moja kabla, utakuta rafu ya .44 greni 240 iko tupu na muuzaji anakusukumia za kujilinda. Nenda Agosti.